ANGOLA NA SOMO LA KUFUNGWA



Katika kikao cha mwaka jana cha chama chetu lilizuka suala ambalo halikumalizika. Je, ni halali kuwapeleka vijana wa timu ya shule ya mpira wa kikapu wakapambane na timu za watu wazima, hali tunajua kuwa watafungwa? Mimi ni mmoja wa wanaowasaidia vijana hao siku za Jumamosi, baada ya juma zima la mafaili ofisini, nami nilikuwa upande wa wanaosema waende. Mzee wetu mmoja wa kamati alinijibu mbele ya watu: "Mwanangu, ndama hakokoti plau." Nilinyamaza kwa heshima yake. Lakini kwa kuwa Chuo Kikuu nilisomea historia, nimeona nimletee jibu kwa njia hiyo, na habari ninayoichagua ni ya Angola.

Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 11 Novemba 1975, vita vikiwa vimekwisha kuwaka ndani yake, na havikuzimika kabisa hadi mwaka 2002. Wareno waliondoka kwa maelfu. Ukitafuta mahali pa kuotesha mchezo wowote, hapo si pa kwanza kupafikiria. Hata hivyo, mwaka 1980 vijana wa Angola walitwaa ubingwa wa Afrika wa vijana, na mwaka huo huo timu ya wakubwa ikaingia katika mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Tazameni sasa yaliyofuata. Mwaka 1983 Angola ilikuwa ya pili, nyuma ya Misri. Mwaka 1985 ikawa ya pili tena, safari hii nyuma ya Ivory Coast. Mwaka 1987 badala ya kupanda ikashuka, ikawa ya tatu, na kombe likaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati. Yaani miaka saba ya kuukaribia mlango na kufungiwa nje. Wangekuwa wetu, nadhani tungekwisha kuivunja timu na kuunda kamati ya uchunguzi. Mwaka 1989 mashindano yakafanyika Luanda, na Angola ikawa bingwa. Kuanzia hapo hadi 2013 ilitwaa ubingwa huo mara kumi na moja, na mwaka 2025 ikaongeza wa kumi na mbili, nyumbani kwao tena.

Lakini kisa ninachotaka kukaa nacho ni cha Barcelona, mwaka 1992. Bingwa huyu wa Afrika alipangwa kucheza mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki dhidi ya Marekani, iliyokuwa na Michael Jordan, Magic Johnson, Larry Bird na wenzao. Ilifika wakati Wamarekani wakapata pointi 46 huku Angola ikipata 1 tu. Mwisho wa mchezo ulikuwa 116 kwa 48. Dunia ilicheka, na wengi hawakuangalia tena Angola inafanya nini. Waliofumba macho walikosa jambo. Katika mashindano yale yale Angola iliwafunga Wahispania, wenye mji na wenye uwanja, 83 kwa 63. Wachezaji ni wale wale waliochekwa siku chache nyuma.

Wala Wamarekani wenyewe hawakufika pale bila kuonja. Mwezi Juni mwaka huo, huko La Jolla, California, waliletewa vijana wa vyuo kuwa wenza wa mazoezi. Katika mchezo mfupi wa dakika 20 vijana wale wakawafunga mabingwa 62 kwa 54. (Wanafunzi wetu hukipenda kisa hiki kuliko vyote, mimi huwakumbusha kwamba walirudiana, na vijana walichapwa.)

Mzee wetu atasema: haya ni ya mataifa, sisi tuna watoto wa kidato cha tatu. Ni kweli, na hapa ninakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Angola haikutolewa kitandani ikapelekwa kwa Jordan. Ilishinda kwanza kwa rika lake, ikashindwa na wakubwa wa bara lake, ikawashinda hao, ndipo ikakutana na dunia. Kufungwa peke yake hakufundishi kitu. Kinachofundisha ni kufungwa na mtu aliye ngazi moja au mbili juu yako, kisha Jumatatu kurudi uwanjani kutazama alikupitia wapi.

Mwaka jana timu ya askari ilitubana tangu mpira unaporushwa ndani, nasi hatukuweza hata kuuvusha mstari wa kati. Juma lililofuata walikuja mazoezini vijana saba tu. Nakiri usiku ule nilimfikiria mzee na ndama wake. Hatukuwahubiria wale saba. Tuliweka walinzi watano dhidi ya washambuliaji wanne, tukakataza kudunda mpira, pasi tupu, kila siku nusu saa. Wenzao walirudi mmoja mmoja, kwa udadisi nadhani. Tulipokutana tena na askari tulifungwa, ila mpira ulivuka, na katika robo ya tatu kocha wao aliomba mapumziko ili awapange upya watu wake. Nilimwona kijana wetu mmoja, mfupi kuliko wote, akiwanong'oneza wenzake: "Wametuogopa."

Kwa mashindano ya UMISSETA yajayo nimependekeza ratiba hii: michezo minne na shule za jirani, miwili na klabu ya mjini, mmoja na askari, kwa mpangilio huo huo. Mwalimu wa michezo ameikubali. Kilichobaki ni usafiri wa kwenda mjini mara mbili, na viatu jozi tano, namba 42 hadi 45. Mwenye uwezo amwone Katibu wa chama kabla shule hazijafungwa. Na mzee wetu ninamkaribisha kwa heshima siku ya mchezo na askari. Kiti chake kitawekwa kivulini.