Mgonjwa Aliyeifundisha Dunia Yoga

Wako wanaodhani yoga ni ya watu wenye viungo laini kama mpira. Historia inasema vingine.

Mwaka 1918, mafua makali yakiua mamilioni duniani, B.K.S. Iyengar alizaliwa Bellur, kusini mwa India. Utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1934 shemeji yake, mwalimu Krishnamacharya, alimwita Mysore ajifunze yoga. Viungo vilikuwa vimekakamaa, hata kuinama ilikuwa taabu. Hakukata tamaa. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, na kitabu chake cha 1966, Light on Yoga, kikasomwa dunia nzima. Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 95.

Yoga haiponyi kifua kikuu. Hicho hutibiwa hospitalini. Lakini hulegeza viungo, hupunguza maumivu ya mgongo na kutuliza akili. Anayetaka kuanza atandike mkeka, asimame wima, avute pumzi taratibu, kisha ajinyooshe bila kujilazimisha, dakika 10 kila siku. Mwenye maradhi amwone daktari kwanza.

Wahenga walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe.