Nigeria: Ramani Iliyokatwa Mara Sita

Ukiwauliza vijana wenzangu habari za Nigeria watakutajia mpira, mafuta na mapinduzi. Mimi naomba tutazame ramani yake, maana ramani ile imemwaga damu.

Ilipojitawala, tarehe 1 Oktoba 1960, ilikuwa na kanda tatu tu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. Kaskazini peke yake ilikuwa kubwa kuliko hizo mbili zikijumlishwa! Na kila kanda ilikuwa na wakubwa wake: Wahausa na Wafulani, Wayoruba, Waigbo. Makabila madogo je? Yalikaa pembeni. Mwaka 1963 ikaongezwa kanda ya nne.

Mwaka 1966 yakaja mapinduzi mawili, na Waigbo wengi wakauawa Kaskazini. Tarehe 27 Mei 1967 Yakubu Gowon akazifuta kanda, akachora majimbo 12. Mashariki ikakatwa vipande vitatu, na kile cha Waigbo kikaachwa bila bandari ya Port Harcourt. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza Biafra, ambayo Tanzania yetu iliitambua Aprili 1968. Hadi vita kwisha Januari 1970, yakadiriwa watu zaidi ya milioni moja walikufa, wengi kwa njaa.

Basi kisu kikawekwa chini? Wapi! Majimbo yakawa 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991, na 36 mwaka 1996. Sababu si siri: sehemu ya pesa za shirikisho hugawiwa majimbo sawa kwa sawa. Jimbo ni gavana, ni ajira, ni kandarasi. Nani asitake la kwake?

Sasa watazame Waogoni. Mwandishi wao, Ken Saro-Wiwa, alilipigania jimbo la Rivers, akasimama upande wa serikali wakati wa vita. Jimbo likapatikana, mafuta yakachimbwa, ardhi ikachafuka, na Waogoni wakabaki wadogo mle mle ndani ya jimbo la wadogo. Mwaka 1990 wakadai kujiamulia mambo yao. Tarehe 10 Novemba 1995 Saro-Wiwa akanyongwa pamoja na wenzake wanane. Mwaka uliofuata Rivers ikakatwa tena, ikazaliwa Bayelsa. Waogoni hawakupata lao.

Ndiyo maana mie siamini kwamba mstari peke yake huleta haki. Kila ukichorwa, humwokoa mdogo mmoja na kumzaa mwingine. Huyo wa mwisho, asiyebaki na kipande cha kukatiwa, ndiye wa kuulizwa kama nchi ni yake.