Boti Iliyokatwa Vipande

Mwaka 1972 Walinzi wa Pwani wa Marekani walistaafisha boti yao ya doria namba 40503, kisha bodi yake ikakatwa vipande na kupelekwa maabara. Boti hiyo ya futi 40 ilikuwa imekaa kazini miaka 20, nayo haikuwa ya mbao wala ya chuma. Ilikuwa ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini ya poliesta.

Ilipoundwa, wengi walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi. Faiba haiozi wala haipati kutu, lakini rezini hunywa maji kidogo kidogo, na uzi mwembamba wa kioo huliwa na unyevu. Hofu kubwa zaidi ilikuwa pale uzi na rezini vinapokutana: maji yakipenya hapo, vinaachana. Wakemia wakajibu kwa kupaka nyuzi silani, dawa ambayo upande mmoja hushika kioo na upande wa pili hushika rezini.

Maabara pekee haikutosha kuondoa shaka, kwa kuwa hakuna beseni linaloweza kuiga miaka 20 ya mawimbi na jua. Vipande vya boti za aina hiyo vilikuwa vimepimwa tayari mwaka 1962; vya 40503 vikaja kuthibitisha kwamba nguvu iliyopotea ni ndogo. Mwaka 1973 Uingereza ikaingiza kazini HMS Wilton, manowari ya kwanza ya faiba. Kazi yake ilikuwa kusaka mabomu ya majini, na faiba haiamshi mabomu yanayolipuka kwa sumaku.

Hata hivyo, ugonjwa wa faiba ulikuja kuonekana kwenye ngozi ya boti. Wenye boti za starehe walizipandisha nchi kavu wakakuta malengelenge chini ya mstari wa maji. Maji yalikuwa yamepenya koti la nje, yakayeyusha mabaki ya kemikali ndani, na mchanganyiko huo ukazidi kuvuta maji hadi koti likavimba. Lengelenge likitobolewa, hutoka majimaji machachu yenye harufu ya siki. Ajabu ni kwamba maji baridi ya ziwani huleta malengelenge haraka kuliko ya bahari, kwa sababu chumvi ya nje hupunguza mvuto huo.

Viwanda vikahamia rezini zinazokataa maji zaidi, kama vinilesta. Wenye boti kuukuu wakaachiwa kazi ya kukwangua koti lote, kusubiri bodi ikauke kwa wiki nyingi, kisha kuipaka epoksi.