Gundi Inayosafiri Ndani ya Ganda la Korosho

Msimu wa 2024/25 wakulima wa korosho wa Tanzania walivunja rekodi ya nchi: zaidi ya tani 500,000. Rekodi hiyo ilirudisha ule ubishi wa kila mwaka, wa kwa nini nchi inayovuna kiasi hiki inaendelea kupakia korosho ghafi melini kwenda India na Vietnam ili wengine wazibangue. Serikali imesema inataka zibanguliwe hapa hapa, na Maranje, mkoani Mtwara, pametengwa pawe kongani ya viwanda vya zao hilo. Bungeni, vijiweni na redioni hesabu inayopigwa ni ya kiini: kilo shilingi ngapi, ajira ngapi, dola ngapi. Ganda halina mbunge.

Na ganda ndilo takriban asilimia 70 ya uzito wa korosho. Chukua tani 500,000, toa viini, unabaki na tani kama 350,000 za kitu ambacho wengi wetu tunakiita taka. Ndani ya ganda mna vijumba vidogo vilivyojaa mafuta mazito ya kahawia. Hata ukikadiria kwa uchoyo kwamba mafuta hayo ni sehemu moja tu ya tano ya ganda, ni tani 70,000. Hayapikiwi. Ni malighafi ya gundi, na wako Watanzania walioyafanyia kazi maabara zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wakayaunganisha na zao letu jingine lililoanguka, mkonge.

Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mafuta hayo kwa jinsi yanavyochubua na kuunguza vidole. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na anayewashwa na utomvu wa embe bichi ameonja kidogo ya ukali huo. Kiungo chake kikuu ni asidi ya anakadi. Ukiichemsha, inatoa hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kadanoli, na hapo ndipo mkemia anapovuta kiti. Kadanoli ni ndugu wa fenoli, ile ambayo Leo Baekeland aliichanganya na fomaldehaidi mwaka 1907 akapata Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote na binadamu. Tofauti ni kwamba kadanoli ina mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia huo unachukia maji, na unaifanya gundi iliyokauka isiwe kavu ya kukatika kama kioo. Mmarekani Mortimer Harvey alipata hataza kadhaa za mafuta haya miaka ya 1930, na tangu enzi zake unga wa rezini ya korosho umekuwa ukichanganywa katika pedi za breki. Huenda gari unalopanda kwenda kazini linasimamishwa na ganda la korosho, ila ganda hilo lilizunguka dunia kabla ya kurudi Kariakoo likiwa ndani ya boksi la vipuri.

Habari za mkonge hazihitaji maneno mengi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Mwaka 1964 tulizalisha tani zipatazo 230,000, tukiongoza dunia. Kisha zikaja kamba za plastiki, likaja Azimio la Arusha na utaifishaji wa mashamba, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo sana ya ule wa zamani. Kila mtu ana mchawi wake katika anguko hilo, na leo sina haja ya kumtafuta. Swali lililobaki mezani lilikuwa moja: uzi huu mgumu, kama haufungi tena mizigo ya dunia, unaweza kufanya kazi gani nyingine?

Jibu moja lilikuwa limekwisha kujaribiwa Uingereza, kwa uzi tofauti. Norman de Bruyne, mwanafizikia aliyesomea shahada yake ya uzamivu Cambridge katika maabara ya Rutherford, aliiacha atomu akafuata ndege na gundi. Mwaka 1934 alianzisha kampuni ya utafiti kijijini Duxford, karibu na Cambridge. Hapo alitengeneza, miongoni mwa mengine, kompositi ya nyuzi za kitani zilizoloweshwa kwenye rezini ya fenoli, iliyoitwa Gordon Aerolite. Uingereza ilipohofia kuishiwa alumini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, lilitengenezwa kwa majaribio hata bodi la ndege ya Spitfire kwa kitu hicho, mmea uliogandishwa kwa gundi. Alumini haikuisha. Baada ya vita zikaja nyuzi za kioo, kisha za kaboni, na nyuzi za mimea zikasahaulika kwa miongo.

Sasa tufike Bath, huko huko Uingereza. Simulizi hii inaegemea zaidi ripoti mbili za kitaalamu zilizochapishwa na Elifas Bisanda pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath: moja ya 1991 katika jarida la Composites Science and Technology, nyingine ya 1992 katika Journal of Materials Science. Bisanda ndiye yule ambaye baadaye wasomaji wengi walimjua kama Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Waliomsikia akizungumzia elimu ya masafa huenda hawajui kwamba alikwisha kushughulika na jambo gumu zaidi: kumshawishi mkonge akubali kushikwa na gundi.

Ugumu wenyewe uko hivi. Uzi wa mkonge unapenda maji. Selulosi yake imejaa vishikio vya haidroksili vinavyonyonya unyevu hata wa hewani. Epoksi, rezini iliyotumika katika ripoti ya kwanza, haipendani na maji. Ukizilaza pamoja hivi hivi zinagusana bila kushikana, maana juu ya uzi kuna nta inayoizuia gundi kutandaa. Siku ya majaribio, ukilivuta bamba, nyuzi zinachomoka nzima nzima na kuacha matundu. Ukiliacha kwenye maji ni vibaya zaidi: uzi unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila mzunguko unaubandua zaidi kutoka kwenye rezini. Nguvu ya kompositi haimo kwenye uzi peke yake wala kwenye gundi peke yake. Imo kwenye mpaka wao, mahali pasipoonekana kwa macho, ambapo mzigo unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Dawa yao ilikuwa na hatua mbili. Kwanza nyuzi ziliogeshwa kwenye kostiki soda, ambayo huondoa nta na sehemu ya ligini na kuuacha uso wa uzi umekwaruzika, una mahali pa gundi kung'ang'ania. Hapa panataka mkono wa kiasi, kwa sababu kostiki soda ikizidi ukali au muda inaanza kuula uzi wenyewe. Kisha nyuzi zilipitishwa kwenye sileni, molekuli yenye ncha mbili: ncha moja hujishika kwenye haidroksili za uzi, ya pili hujishika kwenye epoksi. Ni mshenga hasa, anayejua lugha ya nyumba zote mbili. Matokeo waliyoyaripoti ni kwamba epoksi ilitandaa vizuri zaidi juu ya nyuzi zilizotibiwa hivyo, nguvu za bamba zikaongezeka, na likastahimili maji kuliko lile la nyuzi ghafi.

Ingeishia hapo, ingekuwa tasnifu nzuri miongoni mwa tasnifu nzuri. Epoksi inatengenezwa kwa mafuta ya petroli na inanunuliwa nje, kwa hiyo kompositi ya mkonge na epoksi ingemfaa mwenye dola. Ripoti ya 1992 ndiyo iliyonifanya niandike. Humo epoksi iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na rezini ya mafuta ya ganda la korosho. Uzi wa Tanga na gundi ya Mtwara vikalazwa kwenye kalibu moja, huko Uingereza.

Mwaka 2000 Bisanda alirudi kwenye mpaka ule ule kwa makala yake mwenyewe kuhusu namna alkali inavyobadili kushikana kwa nyuzi za mkonge na rezini. Leonard Mwaikambo, Mtanzania mwingine aliyefanya utafiti na Ansell huko huko Bath, akalinganisha katani ya Ulaya, mkonge, juti na sufi mbele ya alkali ile ile, na mwaka 2003 wakachapisha kuhusu katani ya Ulaya iliyogandishwa kwa rezini ya korosho. Ukiangalia kwa makini utaona gundi ni yetu na uzi ni wao. Sisemi ni hujuma. Anayetoa fedha za utafiti hutaka kuona zao la shambani kwake.

Nyumbani, wakati huo, viwanda ambavyo vingetoa mafuta hayo vilikuwa vimelala. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilikopa na kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mitambo ya Italia na Japani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Uamuzi ulipofanywa hesabu ilikuwa na mantiki, kwani msimu wa 1973/74 zilivunwa tani zipatazo 145,000. Lakini Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ilikatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukapaka maua unga mweupe. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vikageuka maghala, vingine vikabinafsishwa, na baadhi vikaendelea kuwa maghala vikiwa na mmiliki mpya.

Kisha ukaja mwaka 2018, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu katika miezi mitano kusini na Dar es Salaam zilionyeshana kioja. Julai mwaka huo ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 787-8 ilitua Dar es Salaam kwa shangwe, Rais John Magufuli akiwapo kuipokea. Takriban nusu ya uzito wa ndege hiyo ni kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikwa na rezini, elimu ile ile ya mpaka kati ya uzi na gundi. (Hata Boeing haiiamini gundi peke yake. Viungo vikubwa hukazwa pia kwa boliti, kwa kuwa hakuna kipimo cha kuaminika kinachoweza kusema, bila kuvunja kitu, gundi imeshika kwa nguvu kiasi gani.)

Oktoba, minada ya korosho ikakwama. Wanunuzi walikuja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza. Rais akakutana na wanunuzi, ikatajwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, na bado mzigo haukutoka ghalani. Novemba mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda, wakaondolewa. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kuwa itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaelekea kusini. Kiwanda kimoja cha Lindi kikakabidhiwa kwa jeshi ili kibangue. Likaanza zoezi la uhakiki kuwasaka wenye kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima mwenye shida kabla ya msimu kwa kipimo cha kienyeji. Mwenye korosho aliambiwa aonyeshe shamba. Kuna waliolipwa haraka, na kuna waliosubiri miezi. Januari 2019 kampuni moja ya Kenya ilisaini mkataba wa kununua tani 100,000, nao ukavunjika. Mzigo mwingine ulikaa ghalani hadi msimu uliofuata.

Katika vumbi lote hilo ilizungumzwa bei, ikazungumzwa heshima ya mkulima, wakazungumzwa mabeberu. Sikusikia ganda likitajwa. Huku tuna ndege ya kompositi, huku tuna malori ya jeshi yamebeba malighafi ya rezini ikiwa imefungwa ndani ya korosho ghafi, na kati ya hivyo viwili zipo ripoti za Mtanzania zilizochapishwa miaka 26 na 27 kabla. Ni haki kusema kwamba rezini ya korosho si ya kujengea Boeing. Ilifikiriwa kwa mambo ya karibu na sisi: mabamba, vifaa vya ujenzi wa nyumba za gharama nafuu. Mwaka 2003 Bisanda, pamoja na Ogola na Tesha, walichapisha kuhusu mchanganyiko wa gundi za tanini kwa ajili ya mbao za chembechembe, za aina ile ambayo leo tunaiagiza kwa makontena ili tutengenezee kabati za jikoni.

Tangu hapo habari ni chache. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Egid Mubofu, wameendelea kuandika kuhusu kemikali zinazoweza kutolewa kwenye ganda. Wabanguaji wadogo wengi hutumia maganda kama kuni za bwela. Wachache huyakamua na kuuza mafuta ghafi kwa madumu, bila kuyageuza rezini. Maswali yaliyobaki ni ya kiwandani: fomaldehaidi inayotumika kuigandisha rezini hiyo ni sumu na inataka mbadala au uangalizi, rangi yake ni nyeusi na mnunuzi wa kabati anataka nyeupe, na mkonge uliotibiwa kwa kostiki soda unaacha maji machafu ambayo lazima mtu ayasafishe kabla ya kuyamwaga. Hayo yanahitaji wanafunzi watatu au wanne wa uzamivu na kalibu moja kubwa, si malori ya jeshi.

Atakayeanza atahitaji kwanza kuisoma ripoti ya 1992. Inapatikana kwa mchapishaji wa Ulaya, na asiye na akaunti ya chuo hulipia kwa fedha za kigeni.