Kijidudu cha Msokoto

Msomaji, bila shaka umewahi kuona maziwa yakiganda kibuyuni huku kwetu Kangema. Wayagandishao ni viumbe wadogo mno waitwao bakteria. Kila mmoja ni seli moja tu isiyo na kiini, nao huongezeka kwa kujigawa. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwaona katika miaka ya 1670 kwa hadubini aliyoiunda kwa mikono yake.

Wataalamu huwapambanua kwanza kwa maumbo. Wako wa mviringo mfano wa shanga, ambao baadhi yao huleta nimonia. Wako wa vijiti, kama wale wa kifua kikuu aliowagundua Mjerumani Robert Koch mwaka 1882. Tena wako waliojisokota kama parafujo. Hao wa mwisho ndio nipendao kukusimulia, kwa kuwa sehemu ya habari zao ilipatikana katika Afrika yetu, tena kwa gharama ya uhai wa mtu.

Katika nyumba za udongo, kando ya njia za misafara, aliishi kupe aitwaye papasi. Mchana alijificha katika nyufa na vumbi la sakafu. Usiku alitoka, akanyonya damu ya aliyelala, akarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Baada ya siku kadhaa mtu yule hushikwa na homa kali. Humwacha, akadhani amepona, kisha humrudia. Waswahili huiita homa ya papasi, na jina hilo lamtaja mkosaji waziwazi. Hata msafiri Livingstone aliandika mwaka 1857 juu ya kupe waletao maradhi. Lakini kupe alileta nini? Hilo halikujulikana.

Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Ross na Milne walionyesha kwamba homa hiyo hutokana na bakteria wa msokoto aliyemo damuni. Wakati huo Joseph Dutton na mwenzake John Todd walikuwa Kongo wakiichunguza homa iyo hiyo. Waliwaacha papasi wawaume kima, na kima wakaugua. Wao wenyewe pia waliambukizwa. Todd alipona, Dutton alifariki Kasongo, Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30.

Mwaka uo huo Koch, aliyekwisha kupita miaka 60, alikuwa Tanganyika, iliyotawaliwa na Wajerumani wakati ule. Aliwapasua papasi, akayatazama hata mayai yao. Humo pia akamkuta kijidudu cha msokoto. Fikiri maana yake, msomaji: mama humrithisha mwanawe maradhi, na papasi mchanga aweza kuambukiza ingawa hajamwuma mgonjwa yeyote.

Siku hizi homa hiyo hutibiwa kwa dawa kama tetrasaiklini. Papasi wangaliko katika baadhi ya nyumba zenye sakafu ya udongo nchini Tanzania, na bakteria wamchukuaye huitwa Borrelia duttonii, kwa jina la yule aliyefia Kasongo.