Mtawa Aliyetoka Monasterini, Dini Isimtoke

Ndugu vijana, katika vikundi vyetu vya parokia swali hili huulizwa mara nyingi, wala si kwa dhihaka: mtu akisema hamsadiki Mungu, mbona hachoki kuzungumza habari za dini? Asiyekula samaki hakai sokoni kubishania bei yake. Kwetu Masisi na Walikale swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa vita vimewafanya hata waliobatizwa wakiwa wachanga waielekezee mbingu maswali magumu. Jibu moja limo katika maisha ya Mkongomani mwenzetu, Valentin-Yves Mudimbe.

Alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 8 Desemba 1941, siku ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Alipelekwa seminari angali mtoto, kisha akajiunga na Wabenediktini wa Gihindamuyaga, karibu na Butare, nchini Rwanda. Kengele, zaburi, Kilatini, kimya na kazi za mikono ndivyo vilivyomlea. Alipokaribia umri wa miaka 20 hivi, alitoka. Baadaye alijitambulisha kuwa mtu asiyeweza kusema kwa hakika kwamba Mungu yuko au hayuko. Naye huyo si sawa na mkana Mungu kamili, ingawa sisi huwatia wote katika kapu moja.

Basi tazameni aliyoyaandika. Mwaka 1973 alitoa riwaya Entre les eaux, yenye kisa cha padri Mkongomani, Pierre Landu, anayeiacha parokia na kwenda msituni kwa waasi wafuasi wa Marx, akitafuta haki ambayo haioni katika Kanisa lake. Huko msituni pia haioni, na mwisho anaishia ndani ya monasteri. Mwaka 1975 riwaya hiyo ilipewa Tuzo Kuu ya Kikatoliki ya Fasihi huko Ufaransa. Mwaka 1988, katika The Invention of Africa, alichunguza maneno ya wamisionari, akiwemo Mfransisko Placide Tempels wa Katanga, ili aonyeshe jinsi Mwafrika alivyoelezwa na wengine kabla hajajieleza mwenyewe. Hata alipoandika habari za maisha yake mwaka 1994, katika kichwa kidogo cha kitabu aliyaita bustani ya Kiafrika ya namna ya Kibenediktini. Mtu aliyeisahau dini hachagui jina la namna hiyo.

Nionavyo mimi, sababu haikuwa chuki, wala haikuwa toba ya siri kama wengine wetu wapendavyo kudhani. Kwa Mkongomani wa kizazi chake, Kanisa lilikuwa ndilo shule, kitabu, lugha ya kufikiria na hata saa ya kuamka. Angewezaje kujichunguza bila kulichunguza?

Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alikuwa na sababu kali zaidi. Mwezi Machi 1970, wakati huo akiitwa James Ngugi, alialikwa kuhutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, jijini Nairobi. Alianza kwa kukiri kwamba yeye si mtu wa Kanisa, wala si Mkristo. Kisha akalishtaki Kanisa kwa kushirikiana na ukoloni uliowanyang'anya watu wake ardhi. Alinena kama mwenye madai, na mwenye madai haondoki barazani kabla ya kujibiwa. Mzee mmoja alisimama akitikisa fimbo yake, akamkemea kwa kufuru. Kisha akamwuliza: kama si Mkristo, mbona unaitwa James? Ngũgĩ aliona kwamba mzee amesema kweli, na baadaye akaliacha jina hilo.

Mimi nimewahi kumwona kijana akinyamazishwa mkutanoni kwa sababu aliuliza Mungu alikuwa wapi siku kijiji chao kilipochomwa. Hakurudi tena. Sijui kama aliacha kusadiki. Najua kwamba kwa mzee wa Nairobi angalau angepata mtu wa kubishana naye.

Mudimbe alifariki Marekani mwezi Aprili 2025, katika juma lile lile alilofariki Papa Fransisko, mwezi mmoja tu baada ya vita kuingia Walikale-centre. Ngũgĩ alimfuata mwezi Mei. Huenda ndiyo sababu wengi wetu habari ya Mkongomani huyo ilitupita, na hakuna aliyemtaja katika vikundi vyetu.