Mabonde Makavu ya Mirihi

Sisi tukaao vijijini twajua kusoma ardhi. Tukiona korongo kavu lenye mchanga na mawe yaliyoviringika, hatuhitaji kuambiwa ya kuwa maji yalipita hapo, ijapokuwa hatukuyaona. Kwa njia iyo hiyo wenye elimu wamesoma habari za kale za Mirihi, ile nyota nyekundu ya usiku.

Lakini kwanza walikosea. Katika mwaka 1877 Bwana Schiaparelli wa Italia aliitazama kwa darubini, akaona mistari, akaiita mifereji. Baadaye Bwana Lowell wa Marekani akafundisha ya kuwa wako watu huko walioichimba ili wanyweshe mashamba yao. Wengi wakasadiki. Kumbe, mistari yenyewe haikuwako. Macho yaliunganisha madoa tu.

Mwaka 1965 chombo kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu, kikaleta picha chache: mashimo matupu, kama ya mwezi. Watu wakanena, Mirihi ni nchi iliyokufa tangu mwanzo. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana walihukumu nchi nzima kwa kipande kidogo. Mariner 9 kilifika Novemba 1971, kikaikuta sayari yote imefunikwa na vumbi. Kikangoja. Subira yavuta heri: vumbi lilipotulia yakaonekana mabonde ya kweli, vijito vikiingia katika mito kama matawi katika shina la mti.

Ni nini kilichoyachimba? Leo hewa ya Mirihi haifikii hata sehemu moja katika 100 ya hewa yetu, na baridi ni kali; maji yakiwekwa juu ya ardhi huganda au huwa mvuke. Basi zamani hizo, zaidi ya miaka milioni 3,000 iliyopita, hewa haikuwa na budi kuwa nzito zaidi. Wengine wasema mvua ilinyesha. Wengine, chemchemi zilibomoa ardhi toka chini. Wengine, maji yalipita chini ya barafu kubwa. Wala si kila bonde ni kazi ya maji: lile kubwa kupita yote, Valles Marineris, lenye urefu wa maili 2,500 hivi, lilianza kwa kupasuka kwa ardhi yenyewe.

Februari 2021 gari lisilo na mtu, Perseverance, lilitua Jezero, mahali ambapo mto wa kale uliingia ziwani ukaacha tope lake. Likaanza kukusanya vipande vya mawe.

Basi na tujifunze. Waliokosea hawakuwa wajinga. Walisema kabla ya kuona vema. Nasi tusione haya kugeuza shauri letu, ushahidi ulio bora ukija.